Haki Zote Zimetiwa Siki

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na wewe unayesoma ulikuwemo. Ulisimama mstari wa mbele kabisa, umegeuza uso pembeni kama mtu aliyekutana na msiba njiani na hataki kuulizwa kama atafika mazikoni. Usinikatalie. Nimekutambua kwa kisogo, maana ndicho unachotuonyesha siku zote.

Ndoto yenyewe ilianza hivi. Nimetoka na beseni la nguo kwenda kuanika uani kwetu, Morogoro. Nafika kwenye kamba, kamba iko kwenye baraza la ghorofani. Chini kuna mji wa kijivu, majengo yamepangwa kama miche ya sabuni dukani, na nyuma yake bomba la kiwanda cha chuma linatema moshi. Kuna bango lenye jina la mji, ila masizi yamelifunika. Nikaliuliza bango niko wapi.

"Romania," likasema. "Anika tu, lakini zitakuwa nyeusi."

Nikaanika. Nguo zikilowa zinaanikwa, uwe Romania au usiwe.

Nyuma yangu, kwenye baraza hilohilo la ghorofani, palikuwa na mwanamume mrefu aliyenyoa upara, anakoroga sufuria kwa mwiko.

"Karibu, dada," akasema bila kugeuka. Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro kabisa. "Naitwa Ovidiu Taranu. Jukwaani wananiita Ghimpe, yaani Mwiba. Mimi ni rapa. Nilikuwa rapa. Sasa hivi ni prodyuza."

"Unapika nini?"

"Biti."

Nikachungulia. Kweli alikuwa anapika biti. Ngoma zinatokota chini, besi imeganda kama uji uliosahauliwa, na kinanda kinaelea juu kama mafuta.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mtu anayegombea umeya. Jana nilipika ya tangazo la sabuni. Juzi ya mapenzi, ya binti mmoja asiyejua hata jina langu. Nyimbo zote zinazochezwa kwenye harusi za nchi hii zimetoka kwenye sufuria hii, na wanaocheza hawajui."

"Na wewe mwenyewe huimbi?"

"Nilifungiwa mdomo, nikapewa jiko."

Akageuka. Upande wa kushoto wa midomo yake palikuwa na kufuli dogo, kama lile la tranka la mwanafunzi. Maneno ya kawaida yalikuwa yanapitia upande wa kulia. Mistari, akasema, haipiti. Ni minene.

Nikamuuliza alifungiwa kwa kosa gani. Akapunguza moto kwanza.

"Baba yangu, Grigore, alikuwa anafanya kazi kwenye tanuri la kile kiwanda unachokiona. Juu ya tanuri kulikuwa na daraja la kupita wafanyakazi. Lilikuwa limeoza, wakasema, wakasema tena. Siku moja likakatika yeye akiwa juu yake. Hakikupatikana hata kitu cha kuzika. Kampuni ikatangaza kwamba alikuwa amelewa."

Hapo nikaweka beseni chini.

Nina kumbukumbu ndefu mimi, na hata usingizini siiachi nyumbani. Kwetu, kwenye kiwanda cha misumari nilichofanyia kazi, palikuwa na Mzee Senkondo. Mashine ya kuvuta waya ilimchukua mkono, kisha bega, kisha yeye. Kinga ya mashine ilikuwa imeng'olewa ili kazi iende haraka. Meneja akasema Senkondo alikuwa amelewa. Senkondo alikuwa Msabato. Hata chai ya rangi alikuwa haigusi.

"Wa kwenu alikuwa anakunywa?" nikamuuliza Ghimpe.

"Alikuwa na vidonda vya tumbo. Alikuwa anakunywa maziwa."

"Wa kwetu alikuwa Msabato."

Ghimpe akakoroga kidogo. "Walevi wa dunia nzima hufia viwandani," akasema. "Baa hawafi."

Akanipeleka ndani kunionyesha alikoanzia. Ilikuwa ni kabati la nguo la mama yake. Alikuwa anajifungia humo katikati ya makoti ili mwangwi usiingie, anawasha kinasa sauti, anachana mistari. Nikayatazama makoti. Yote yalikuwa vipandevipande. Alikuwa anachana kweli.

Humo kabatini ndimo alimotunga wimbo wa baba yake. Vijana wa mitaa ile wakaunakili kaseti kwa kaseti, mpaka ukatoka mji huo ukaingia mji mwingine, naye akajaza viwanja, akavaa miwani ya jua mpaka bafuni. Redio nazo zikautaka. Zikamwambia kuna mstari mmoja tu aufute, kila kitu kitakuwa sawa. Mstari wenyewe ulikuwa huu: Grigore Taranu hakuwa mlevi.

Hakuufuta. Wimbo ukafungiwa, na yeye akafungiwa.

"Sasa sikiliza, dada," akasema, akavua aproni. "Mama yangu yuko chini uani. Daktari amempima, amembakizia pumzi ya wimbo mmoja tu. Anataka, kabla hajafa, jina la mumewe litamkwe mbele za watu bila pombe nyuma yake. Twende tukauchukue ule wimbo."

"Uko wapi?"

"Stoo. Pamoja na haki."

Tukaingia kwenye lifti. "Mnapanda au mnashuka?" lifti ikauliza.

"Tunakwenda kwenye haki," nikasema.

"Mnashuka," ikasema, ikashuka muda mrefu sana.

Tangu nijue kusoma, na nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi, nimekutana na maneno haya kwenye kila kaseti na kila kitabu: Haki zote zimehifadhiwa. Nilidhani ni pambo. Nilidhani ni kama kusema wasalaam. Kumbe zipo. Stoo ilikuwa imejaa rafu, na kwenye rafu machupa ya kabichi na matango yaliyotiwa siki, kama wanavyoweka watu wa huko kwa ajili ya baridi. Katikati ya matango na kabichi zilikuwemo haki, zimenywea, zimekunjamana, zina rangi ya achari.

"Mbona mmezitia siki?" nikamuuliza Ghimpe.

"Agizo lilisema zihifadhiwe," akajibu. "Kwetu ukiambiwa hifadhi, unatia siki. Akina mama wa jengo hili hawakuuliza mara mbili."

Haki moja ikagonga kioo. Ilikuwa Haki ya Kusikilizwa. "Dada, huko nje ni mwaka gani?"

Nikaitajia mwaka.

"Bado?"

"Bado."

Ikazama tena chini, kwenye mbegu za bizari.

Mwenye stoo alikuwa Muhuri. Muhuri wa mpira, mkubwa kama mtu, ameketi mezani anakula tango. Miguu yake ilikuwa na soksi.

"Shida?"

"Tumefuata wimbo wangu," Ghimpe akasema.

"Wimbo uliofungiwa hufunguliwa mbele ya wasikilizaji. Mnao?"

"Uani kumejaa watu."

"Watu ni watu. Nimeuliza wasikilizaji."

"Nipo mimi," nikasema.

Muhuri akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe umeletwa na ndoto. Huhesabiki. Kaa pembeni, mama."

Hata hivyo akasimama, akashusha chupa moja, akaibeba kichwani. Wimbo ulikuwa ndani, mdogo, wa kijani, umejikunja. Tukageuka kuifuata lifti, na hapo stoo ikawa uani.

Watu walikuwa wamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na wote walikuwa visogo. Katikati yao, kwenye kiti cha jikoni, amekaa mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa kichwani. Huyo ndiye Mama Floarea, mama yake Ghimpe.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye redio?"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu tu."

"Basi nishike mkono."

Nikamshika. Muhuri anafungua chupa. Wimbo unatoka, unachuruzika siki, unatikisa miguu. Pumzi za Mama Floarea zinaanza kumtoka, naziona kabisa, moja moja, kama moshi wa chai.

"Naingiaje kwa watu?" wimbo unauliza.

"Kwa adabu," Muhuri anajibu.

Wimbo unakwenda mstari wa mbele. Sikio la kwanza ni lako. Unasimama nje ya sikio lako, unajipangusa, unakohoa.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Nakuona unameza mate.

"Hodi."

Unatazama viatu vyako. Wimbo unainamisha kichwa, unahamia sikio la jirani yako, unaanza upya. Halafu la jirani yake.

"Ingia tu!" Ghimpe anapiga kelele kwa nusu ya mdomo. "Vunja mlango! We wimbo gani usiyejua kuvamia?"

"Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka," wimbo unasema.

"Nani amekufundisha upuuzi huo?"

"Nilifungiwa chupa moja na adabu."

Ghimpe anauzoa wimbo kwa mikono yote miwili, anajaribu kuuingiza mdomoni mwake, upande wa kulia. Hauingii. Ni mnene. Anausukuma kwa dole gumba mpaka mdomo unatoka damu. Muhuri anamwambia astaarabike.

"Wameanza?" Mama Floarea ananiuliza. Macho yake yamefumba.

"Bado, mama. Unabisha hodi."

"Kwa nani?"

Nikamtajia. Nilikutaja wewe, kwa jina lako lote.

"Anaitika?"

"Anatazama viatu."

Akacheka kidogo. "Grigore naye alikuwa hivyo. Unamwita chakula kipo mezani, anajifanya kiziwi. Lakini yule alikuwa anatania."

Ile ndiyo ilikuwa pumzi ya mwisho. Ikapanda, ikapita juu ya visogo, ikaenda kuchanganyika na moshi wa bomba. Mkono wake ukawa mzito mkononi mwangu.

Muhuri akaja taratibu, akajipangusa soksi, akainama, akajigonga kwenye paji la uso wa Mama Floarea. Alipoinuka pakabaki maandishi ya bluu: IMESIKILIZWA.

"Kazi imekwisha," akawatangazia watu. "Asanteni kwa kufika."

Mkatawanyika. Mmoja wenu akasema kumbe jua limekuwa kali.

Ghimpe alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Nikasikia kitu kikianguka kwenye saruji, tik. Ni lile kufuli. Limejifungua lenyewe. Akaliokota, akalitazama, akalitia mfukoni.

"Sasa unaweza kuimba," nikamwambia.

"Nimwimbie nani?" akasema. "Biti ya meya inaungua." Akapanda ngazi kwenda jikoni.

Nikabaki na maiti na wimbo. Wimbo ulikuwa unazunguka uwanja mtupu unabisha hodi kwenye masinki, kwenye baiskeli, kwenye ukuta. Ulipofika kwangu ukasita.

"Wewe huhesabiki," ukasema.

"Bisha hivyohivyo."

"Hodi."

"Karibu," nikasema. "Karibu sana. Pita."

Haukupitia sikioni. Ulipitia mdomoni, mchungu wa siki, na nikaamka nimeuma meno.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Niko kitandani kwangu, Morogoro, na majogoo wa watu wanapiga kelele zao. Nyumba tunayopanga kuta zake hazifiki bati, kwa hiyo unayosema wewe ni ya wote. Chumba cha pili anakaa Bi Siwema, mjane, mtu mzima, asiyependa mambo ya kijinga.

"Mwenzangu," akaita. "Umeamka?"

"Nimeamka, dada."

"Huyo Girigori ni nani?"

"Girigori gani?"

"Nitajuaje? Redio imemtaja sasa hivi. Girigori nani sijui huko, eti hakuwa mlevi. Imesema hivyo tu, ikazima."

"Redio ipi?"

"Si hii ya marehemu! Tena ndicho kinachonishangaza. Betri nilizitoa mwezi wa mfungo, nikaziweka kwenye tochi."

Basi. Nimeandika kabla sijanawa uso. Na usije kuniambia huko Romania ni mbali na wewe hujui rap. Kwenu yuko mmoja. Alifia kiwandani, au mgodini, au kwenye ghorofa lililojengwa kwa mchanga mtupu, na wenye mali wakasema alikuwa amelewa, nawe ukajua ni uongo kwa sababu mchana ule mlikula wote na alikunywa maji. Hukusema neno. Weka karatasi hii chini. Vaa, toka, nenda ukasimame mbele ya geti la waliomuua, utamke jina lake na la baba yake kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini, useme alivyokufa. Usingoje Jumatatu, usingoje mwenzako atangulie. Nenda sasa hivi, mjane wake bado anapumua.