Matairi Yaliyosemekana Yamekwisha

Kila mwanzo wa Novemba, kabla theluji haijashuka kutoka milimani kuja mjini kwetu Bibai, mwanangu Norihiro hunifungia matairi ya theluji kwenye gari langu. Mwaka huu aliinama bandani, akapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi moja, akatikisa kichwa.

“Mama, haya yamekwisha. Yamefika kwenye vinundu.”

Vinundu navijua. Vimekaa ndani ya mfereji. Mpira ukilika mpaka ukalingana navyo, tairi halishiki tena barafu, hata kama kwa macho bado lina meno. Lakini sikuinama kutazama. Magoti yangu yananiuma, na aliyesema ni mwanangu.

“Basi nitafutie mengine.”

“Saizi yako imekwisha madukani. Labda baada ya mwaka mpya. Haya nitakwenda kuyatupa. Baba nitampitia mimi.”

Nikabaki na matairi ya kiangazi, ambayo kwenye barafu hayakufikishi hata posta. Mume wangu Sadao yuko nyumba ya wazee, kilomita kumi na nane, ng'ambo ya mto, na basi la kule liliondolewa mwaka juzi. Jumanne na Ijumaa humpelekea boga la kuchemsha kwa mchuzi wa soya. Ganda nalikwangua kidogo tu, maana ukilimenya lote linapondeka. Wauguzi wanasema akilishwa nao hufumba mdomo, kwangu hula. Wiki tatu sikwenda.

Wiki ya tatu jirani yangu Hisano alikuwa anakwenda kukaza nati za magurudumu, kama tunavyofanya wote matairi yakishatembea kilomita mia tangu kufungwa.

“Nisindikize,” akasema. “Utaota kutu humo ndani.”

Pale kwa fundi Nishimaki nikauliza saizi yangu itakuja lini. Akanitazama.

“Ninayo tele, bibi. Lakini ya nini? Si nakutunzia yako hapo juu?”

“Yangu yapi?”

“Aliyoyaleta Norihiro. Alisema mwaka huu huendeshi.”

Akateremsha moja. Ubavuni palikuwa na mwandiko wangu wa chaki, “mbele kushoto”, niliouandika mwenyewe Aprili. Nikabonyeza mpira kwa ukucha, ukabonyea. Akanionyesha tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: majira yake ya tatu tu ya baridi. Vinundu vilikuwa chini kabisa, vimezama.

Mchana ule Nishimaki alinifuata na pikapu, akanifungia uani. Norihiro akatokea nati ya mwisho ikikazwa. Alingoja fundi aondoke.

“Mama, una miaka sabini na tisa. Februari uliteleza ukaingia kwenye ukuta wa theluji.”

“Niliteleza.”

“Ningekuomba uache, ungekubali?”

“Ningekataa.”

“Si ndiyo hivyo?”

“Ningekataa, ungenuna, tungegombana mpaka sikukuu. Lakini ningejua nimegombana na nani. Wewe umenitazama usoni ukaniambia tairi zima ni bovu. Siku ukiniambia bovu ni zima, je?”

Akachokonoa theluji kwa ncha ya kiatu. Hakuomba radhi, nami sikumkaribisha chai.

Kesho yake Ijumaa nilikwenda. Mwendo arobaini, nafasi kubwa nyuma ya lori la maziwa, breki kwa kugusagusa. Darajani nikapunguza zaidi, kwa kuwa daraja huganda juu na chini. Matairi yalishika njia nzima.

Sadao alikuwa dirishani, mashavu yamebonyea. Alinitazama kitambo kama anayehakikisha.

“Umekuja.”

“Nimekuja.”

“Nori alisema umechoka kuja huku,” akasema polepole. “Nikamwambia asikulaumu. Ni miaka mingi.”

Nilifungua chombo cha boga. Kifuniko kilinishinda mara mbili. Nikakata kipande, nikakikata tena kikawa kidogo zaidi.

“Sijachoka,” nikamwambia. “Fungua mdomo.”

Akafungua.