Kupe wa Eeddo Barwaqo

Sisimizi wa kwanza kupigwa picha na Saado alitoka kama doa la chai. Saado alifundisha biolojia mjini Garissa, na kiangazi cha mwaka wa tisini na sita alikuwa amejifunza kwamba lenzi ya kamera ikigeuzwa nyuma mbele na kushikiliwa kwa mkono, mdudu mdogo huonekana mkubwa. Ila sehemu inayotoka wazi huwa nyembamba kuliko ukucha. Mpigaji akivuta pumzi tu, mdudu ameshaponyoka.

"Mwalimu, leo umepiga mdudu au mguu wake?" aliuliza Ayanle, mwenye studio ya Waberi aliyemsafishia picha.

"Mguu. Wa nyuma."

"Mashallah. Kesho tutaona wa mbele."

Baadaye Saado alimpata panzi. Ndani ya jicho lake mto Tana ulikuwa umefurika hadi darajani, ingawa wiki hiyo mbuzi waliuvuka bila kulowa tumbo. Ayanle aliikagua picha, akasema mwanga umezidi kidogo. Saado alikubali.

Tatizo lililobaki ni kwamba wadudu hukimbia. Kupe ana miguu minane, na kwa mafunzo ya darasani si mdudu kamili, lakini akishiba hasogei. Kwa hiyo siku ya mnada Saado alikwenda soko la mifugo kwa Bulle, mchuuzi wa ngamia. Bulle alikuwa na ngamia wapya, wote na mistari miwili iliyochomwa shingoni. Vidonda vilikuwa bado vibichi.

"Chukua umtakaye, mwalimu," alisema Bulle. "Kupe siuzi."

Kupe alitoka vizuri, wazi kutoka kichwa hadi kitako. Chini ya ngozi ya mgongo wake palikuwa na duara lililokatwa na mstari mmoja. Hiyo ilikuwa chapa ya Barwaqo, shangazi yake Saado, eeddo kwa Kisomali, ambaye ngamia wake wote walichukuliwa na watu wenye bunduki karibu na Modogashe. Tangu hapo Barwaqo alilala sebuleni kwa Saado, na hakuwa na mali nyingine duniani. Saado aliona jambo lenyewe ni wazi: chapa mpya ilikuwa imefika kwenye ngozi, lakini damu ilikuwa bado na ile ya zamani.

Saado na Barwaqo walimkuta afisa wa soko pamoja na Bulle kando ya lori la Nairobi, ngamia wakisubiri kupakiwa. Afisa aliitazama picha, kisha akawatazama kupe wengine kwa kioo cha kukuzia. Wote walikuwa na duara.

"Chapa ni yako, mama," alisema.

"Basi ngamia ni wangu."

"Chapa yako iko kwa kupe. Kwa ngamia iko ya Bulle. Sisi tunasoma ngozi ya mnyama."

Barwaqo alimgeukia Bulle. "Ulinunua kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mtu, eeddo. Sikumuuliza ukoo."

"Ngamia ulimuuliza?"

Bulle alitazama magurudumu ya lori.

Afisa alikuwa mtu wa haki. Aliamuru kila kupe arudishwe kwa mwenyewe, na Bulle hakupinga. Vibarua waliwabandua makwapani, masikioni na chini ya mikia, wakawatia katika mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa kifuniko ili wapate hewa. Ndipo ngamia wakapakiwa, na lori likaelekea darajani.

Jioni Barwaqo alikata matawi ya mgunga, akayapanga duara nyuma ya nyumba. Aliingia, akavuta tawi la mwisho kuziba mlango, akaumimina mkebe mchangani. Akawaita kupe mmoja mmoja kwa majina ya ngamia waliowanyonya. Saado alisimama nje ya miiba na kamera yake, akingoja watulie.

"Usinizibie mwanga," alisema Barwaqo. "Hawa hawajala tangu asubuhi."

Akakunja mkono wa nguo hadi kwenye kiwiko, akaulaza mkono wake mchangani.