Tumbo Lisilo na Mtu

Katika nyumba ile tumbo langu lilipata heshima kabla yangu. Miaka yote niliyoolewa pale nilichota maji, nikafua, nikapiga deki, na hakuna aliyeniambia hata pole. Tumbo lilipojaa, asubuhi moja mama mkwe alinipokonya ndoo mlangoni.

"Weka chini. Kuna watu wa kubeba."

Watu wenyewe walikuwa yeye peke yake, na magoti yake yanalia kama bawaba kavu. Aliibeba hivyo hivyo, maji yakimmwagikia miguuni, akapita ananitazama kwa pembe ya jicho na kutabasamu. Sikuwahi kumwona akinitabasamia. Nilibaki nimesimama mikono mitupu kama mgeni.

Mimi nilijua kilichomo. Kilichomo ni kile kile kilichonitesa tangu usichana: choo kilichokataa kutoka. Naweza kumaliza wiki nzima bila haja kubwa, na siku nikienda natoka nimelowa jasho kwa vipande vidogo kama kinyesi cha mbuzi. Kila mtu alishanipa dawa yake. Kunywa maji, nikanywa mpaka nikasikia yanacheza ninapotembea. Kula mboga, nikala. Safari hii hata dawa za kuendesha za dukani zilishindwa, tumbo likavimba likakaza, sketi zikagoma kufungwa. Kazini napiga pasi katika duka la dobi, kazi ya kusimama kutwa. Bosi wangu, mtu asiyejua kutoa hata salamu, alinisogezea kigoda akaenda zake bila neno.

Sasa utaniuliza: si ungesema? Nilisema! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha, nilitangaza, na bado nikaumbuka. Tatizo ni ukoo nilikoolewa. Mama mkwe alipobeba mimba yake ya kwanza alimwambia kila jirani, na mtoto hakufika. Tangu hapo ikawa sheria yao: mimba haitajwi, na mwenyewe anaikana mpaka kichanga kilie. Ukimuuliza atakwambia nimeshiba, nimenenepa, ni gesi tu. Wifi yangu alikana mpaka mlangoni mwa wodi ya wazazi, huku amemshika muuguzi shingo.

Kwa hiyo nilipomwambia mama mkwe, "Mama, hili tumbo ni gesi, sipati choo," alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa nguo.

"Gesi, ndiyo. Hata mume wako alikuwa gesi. Alinisumbua gesi huyo!"

Nikamfuata mume wangu karakanani, nyuma ya nyumba. Yeye ni seremala, watu wote humwita Fundi, na mimi pia. Nilimkuta anasugua kipande cha mbao kwa msasa. Nilimweleza yote, bila aibu, mpaka rangi ya choo. Alipuliza vumbi la mbao, akaniangalia kwa upole ambao ulinikata maini.

"Sawa, mke wangu. Ni gesi. Mimi sijauliza kitu."

"Fundi, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Ni gesi."

Pembeni kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Nilipoangalia alisema haraka kwamba ni kazi ya mteja. Mume wangu hajui kudanganya, masikio yake humsaliti kwa kuwa mekundu. Chini ya turubai ilionekana miguu minne mifupi na vijiti vyembamba vimepangwa karibu karibu, ili mtoto asipitishe kichwa. Niliondoka nikijifanya sijaona.

Na hapa nichekwe tu, nimezoea. Nami nilianza kuamini. Siku zangu za mwezi tangu nivunje ungo zinakuja zinapotaka, na wakati ule zilikuwa zimepotea njia. Nikaanza kuweka mkono tumboni nikiwa naongea na watu. Gesi inatembea, jamani. Ukiwa umemtaka mtoto miaka mingi, kinachotembea tumboni mwako kinakuwa na miguu.

Maumivu yaliponizidi nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini mikono yake haikuwa na haraka. Alinibonyeza, akanipima, akaniuliza mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Mwisho akasema utumbo wangu hauna kidonda wala uvimbe, ila una ubishi. Kwa wengine huharisha, kwa wengine hufunga, na wangu umechagua kufunga.

"Nitakuandikia dawa nyingine. Hii haiuzwi bila cheti. Ni ya watu wazima, iweke mbali na watoto. Unameza kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo tupu, unasubiri nusu saa ndipo ule. Inavuta maji ndani ya utumbo, choo kinalainika, na maumivu yanapungua. Ukiharisha kupita kiasi, acha, uje. Na usidhani itakuponya moja kwa moja. Ukiiacha, tumbo linaweza kurudi lilivyokuwa." Kisha akainua macho. "Una mimba?"

Nilitaka kusema gesi. Nilisema sijui.

Nikapewa kikopo. Niliporudisha mkojo nilikaa kwenye benchi nikimtazama muuguzi kupitia mlango uliokuwa wazi, nikimwombea akosee. Alitoka, akatikisa kichwa, akasema, "Hakuna kitu," vile unavyomwambia mtu kwamba sukari imeisha dukani.

Nilimwambia Fundi siku ile ile. Daktari kapima, hakuna mtoto. Alinishika mkono, akaubana.

"Vizuri. Waambie watu hivyo hivyo."

Basi nikakaa na dawa bila kuifungua. Nikiimeza, tumbo litashuka, na likishuka linashuka na ndoo, na kigoda, na kile kilichofunikwa turubai. Mama mkwe alikuwa ameanza kuimba jikoni. Nani angetaka kumnyamazisha? Lakini mwili hauna adabu. Siku moja kazini pumzi zilinikatika kwa maumivu nikaangukia meza ya pasi, nikaunguza shati la mtu na kiganja changu. Kesho yake nilimeza kidonge cha kwanza. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, akaninywesha maji kwa mkono wake. Alidhani ni vitamini za wajawazito. Niliposema ni dawa ya choo alinikonyeza.

Siku za mwanzo hakikutokea kitu ila tumbo kunguruma. Halafu Jumapili moja, sote tukiwa nyumbani, likaja. Nilikimbilia choo cha uani nikiwa nimeinama. Sitasimulia yaliyotokea mle, ila niseme kwamba nililia, na nililia kwa raha. Miaka yote ile mwili wangu ulikuwa mlango uliofungwa na funguo zimepotea, na leo umefunguka. Kila nilipodhani yamekwisha, yanakuja tena. Nilishika ukuta nikasema kwa sauti, "Toka! Toka, uniache!" Nilipomaliza nilijipapasa. Tumbo lilikuwa laini, limelala. Nilijisikia mwepesi, nikacheka peke yangu.

Nikafungua mlango. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, magoti yale yale yasiyokunjika, mikono kichwani. Fundi alikuwa nyuma yake, msasa bado mkononi. Wote wawili walikuwa wanatazama tumbo langu.

"Pole, mwanangu," mama mkwe akasema. "Pole, pole, pole." Alinikumbatia miguu, akalia kilio kile cha msibani, cha kuita. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaelewa alichoelewa, akarudi chini.

"Mama, hakukuwa na mtoto. Ni choo. Nimepata choo!"

Nani aliwahi kusema maneno hayo mbele ya mtu anayelia? Aliinua uso. Niliona fikra ikimwingia polepole, ikitoka machoni ikishuka mdomoni. Kidonge cha kila asubuhi. Maji aliyoninywesha kwa mkono wake. Toka, uniache. Aliachia miguu yangu.

"Ulimeza nini?" akauliza. "Nilikunywesha nini mimi?"

"Dawa ya choo, mama. Nilikwambia."

"Ulinikania. Na sasa unanikania tena."

Niliingia ndani nikaleta boksi la dawa, nikampa Fundi. Aliligeuzageuza bila kusoma, kisha akalirudisha.

"Twende kwa daktari," nikamwambia. "Akwambie kwa mdomo wake."

"Daktari si ndiye aliyekupa?"

Hakusema kwa ukali, angesema kwa ukali ningejua pa kushika. Akarudi karakanani. Jioni nilisikia nyundo, na nilijua kwa mlio kwamba hajengi, anang'oa. Vile vijiti vyembamba alivifunga pamoja akaviweka juu darini. Angevichoma ningemshukuru.

Ndoo nilirudishiwa bila kuambiwa. Asubuhi nikichukua glasi kumeza dawa, mama mkwe aliondoka jikoni, na siku moja nilimsikia anatapika uani. Fundi alilala amegeukia ukuta. Mwili wangu haukuwahi kuwa na afya kama wakati ule, nilikula, nilikwenda haja kama binadamu, sketi zilinifunga, na nilitamani kufa. Kila walichokiona katika afya yangu kilikuwa ushahidi.

Ndipo nikafanya hesabu yangu ya kijinga. Daktari alisema nikiacha dawa, tumbo linaweza kurudi. Basi liache lirudi! Likirudi, wataona kwa macho yao kwamba linajaa na kupungua bila mtu ndani. Nikaweka boksi kabatini, nikasubiri maradhi yangu yaje kunitetea.

Yalikuja kama yalivyoagizwa. Choo kikafunga, tumbo likajaa, likakaza, maumivu yakarudi pale pale nilipoyaacha. Niliyavumilia karibu kwa furaha. Asubuhi moja nilivaa nguo ya kubana makusudi, nikachukua ndoo, nikapita mbele ya mama mkwe polepole ili anione vizuri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Alinitazama tumbo. Akanitazama usoni. Akasimama kwa shida, magoti yakilia, akanijia, na akaichukua ndoo mkononi mwangu.

"Mama, ni gesi," nikasema. "Umeona sasa? Ni gesi tu."

Alinifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini safari hii, mwanangu, usimeze kitu."

Akaenda nyuma ya nyumba na ndoo yangu, anamwita Fundi. Baada ya muda nilisikia ngazi ikiegemezwa darini, na vijiti vikiteremshwa kimoja kimoja.