Mashimo ya Kilima cha Lihumbe

Kilichomtoa Bonifasia Kapinga kwake Matiri alfajiri ile ni maneno matatu tu. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la pembejeo, Mbinga mjini: "Kongamano la Siasa za Viumbe wa Anga za Juu na Usiri wa Serikali. Mbamba Bay, Ijumaa. Wote mnakaribishwa." Hao viumbe hakuwa na ugomvi nao, hawajawahi kumchukulia kitu. Lakini usiri wa serikali! Huo aliujua kama anavyojua magoti yake yanavyouma akishuka mteremko.

Mwaka themanini na sita watu walikuja na magari, wakakizungushia Kilima cha Lihumbe senyenge, wakasimika kibao: ENEO LA UTAFITI, MARUFUKU KUINGIA. Utafiti wa nini? Siri. Kwa muda gani? Siri. Mama yake Bonifasia, aliyelima kilima kile tangu aolewe, alipokwenda kuuliza habari za shamba lake alifunguliwa ramani, akaambiwa pale pameandikwa pori, na pori halina mwenyewe. Watafiti waliondoka hata miaka mitatu haijaisha. Senyenge ikala kutu, kibao kikabaki, na mama akafa akiuliza ni pori gani hilo lililomlishia watoto sita.

Bonifasia alirithi swali. Mara mbili amesimama mbele ya baraza la ardhi, mara mbili ameulizwa ushahidi uko wapi. Waliolima na mama yake wamelala makaburini parokiani. Jumatatu inayokuja ilikuwa mara ya tatu, na alishaambiwa ni ya mwisho.

Mlangoni kwa kongamano alikaa binti mmoja mwenye daftari, jina lake Glorious.

"Shikamoo mama. Unawakilisha taasisi gani?"

"Marahaba. Nawakilisha kilima."

Binti akasimamisha kalamu. "Kuna kitu uliona huko kilimani?"

"Niliona mengi."

"Taa?"

"Taa za magari, ndiyo. Na waliotoka ndani yake."

Glorious akamwandikia beji kwa furaha, SHUHUDA, akampeleka kiti cha mbele.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli ya ufukweni, madirisha wazi, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi. Wengi walikuwa wageni wa kutoka Dar es Salaam na mbali zaidi. Kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa alikaa Bwana Damiano, ofisa aliyetumwa kufungua kongamano, ambaye baada ya kulifungua alifumba macho. Aliyekuwa anazungumza ni Daktari Meshack, mtu wa sauti nzito na koti lisilofaa kwa joto la Nyasa.

"Kila serikali duniani ina kabati," alinguruma, "na ndani yake kuna mambo ambayo wewe mwananchi unahesabiwa huna akili za kuyajua! Mimi nasema kabati lifunguliwe!"

Bonifasia alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hapo mtu kasema.

"Sasa tazameni hii." Picha ikatokea ukutani, nyeusi na nyeupe. "Ilipigwa kwa ndege, Aprili 1977, hapa hapa Mbinga. Pembeni kuna muhuri: SIRI. Nimepewa na mstaafu mmoja aliyechoka kunyamaza. Oneni mashimo haya, mamia kwa mamia, ya mraba, yamepangwa kama sega la nyuki, kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili! Ni mkono wa binadamu gani uliochora hivi? Waliotua hapa, ndugu zangu, walituzidi hesabu."

Bonifasia alikuwa ameshasimama. Hakujua amesimama saa ngapi.

"Baba, hizo ni ngolo."

"Samahani, mama?"

"Ngolo! Shamba hilo. Wanaume wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa miraba. Sisi wanawake tunachimba katikati, kwa udongo wake tunazifunika zile nyasi, juu tunapanda maharage. Mvua ikinyesha maji yanakaa shimoni, udongo hauendi mtoni. Aliyewazidi hesabu ni mama yangu, Notburga, na jembe lake."

Watu wakacheka. Daktari naye akatabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mtoto mbele ya wageni. "Mama yangu, kila mtu huona anachokijua. Milima iko mingi."

"Sogeza kushoto."

"Nini?"

"Picha. Isogeze kushoto, ikuze. Utaona mstari mmoja umepinda kama kiwiko. Hapo pana jiwe limezama. Mama alilikwepa baada ya kuvunja majembe mawili."

Daktari akasita. "Sogeza tuone!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na wengine wakaitikia. Akasogeza. Mstari ulikuwepo, umepinda kama kiwiko.

"Shuka sasa mpaka chini, karibu na kijito. Kuna ngolo tatu ndogo, zimekaa upande upande. Hizo nilichimba mimi, nina miaka tisa. Mama alizicheka, lakini hakuzibomoa."

Zilikuwepo. Tatu. Bonifasia alikuja na hasira za miaka arobaini amezifunga vizuri kama mzigo wa kuni, na sasa, mbele ya mashimo matatu, kamba ya mzigo ikalegea. Kulia atalia nyumbani.

Bwana Damiano alikuwa amefumbua macho. "Hicho ni kilima gani?"

"Lihumbe, mheshimiwa. Kile ambacho ramani yenu inasema ni pori. Picha imepigwa miaka tisa kabla ya senyenge. Mlijua."

Ofisa akafuta shingo kwa leso. "Daktari, huo ni waraka wa siri, una muhuri. Uzime, tuendelee na mambo ya angani."

Na Daktari Meshack, simba wa kabati, akanyoosha mkono kuizima projekta!

Bonifasia akaingia katikati, mbele ya mwanga. Ngolo zikamwangukia usoni, kwenye kitenge, kwenye mikono.

"Usiguse. Saa nzima unatuambia kabati lifunguliwe. Limefunguka, wametoka watu wa Matiri, unataka kulifunga? Au siri ni tamu zikiwa za angani tu?"

Simu zilikuwa juu ukumbi mzima, zinapiga picha. Mkono wa Daktari ukabaki hewani, kisha ukashuka. Bonifasia hakumngoja. Akaenda ukuta wa nyuma, ambako nakala kubwa ya picha ile ilitundikwa kwa maonyesho, akaibandua pini moja moja, akaipeleka mezani kwa Daktari.

"Andika hapa nyuma umeipata kwa nani, lini. Weka sahihi."

Daktari akamtazama Bwana Damiano, akautazama ukumbi. Jasho lilikuwa limelowesha koti. Mwisho akachukua kalamu, akaandika, akatia sahihi.

"Mama," Bwana Damiano akasema, "unaondoka na mali ya serikali."

"Nyinyi mliondoka na kilima, mkiwa na magari. Mimi naondoka na karatasi, kwa miguu. Mkiitaka, Jumatatu saa tatu, baraza la ardhi. Mje na ile ramani."

Hakuna aliyemzuia. Glorious alimfungulia mlango.

Stendi alimkuta Tereza, jirani yake wa zamani aliyeolewa huku ziwani, ameketi na beseni lake la usipa, wale dagaa wa ziwani, uliokaushwa.

"Dada Boni! Eti huko watu wa angani mmewaona?"

"Wapo, mdogo wangu. Walipita juu na ndege, wakatuona tunalima, wakapiga na picha. Halafu wakashuka, wakaandika hatupo."

Akaikunjua picha mapajani. Tereza alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuigusa, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akafuata mistari kwa kidole hadi chini kijitoni.

"Hizi tatu zimekaa ovyo," akasema.

"Ovyo kabisa," akajibu Bonifasia. "Na ni zangu."