Bukavu Ndio Walianza Kula Mtaji

Wanaosema kwamba sisi wa Uvira tulikula mtaji wa kampuni, kwanza waulize nani alianza. Bukavu ndio walianza. Wakishajibiwa hivyo, ndipo waje kunitukana vizuri. Minye niko, sikimbii.

Jina langu Sidonie. Wakati ule nilikuwa mkuu wa ofisi ya Uvira ya kampuni inayoitwa Miaka Kumi. Kazi yetu ni kuwashauri watu wenye pesa waache kuzila leo, waziweke mahali zitulie na kukua: kiwanja, michikichi, ng'ombe wa kutunziwa kule Mulenge, chochote kisichoisha kwa sikukuu moja. Ofisi zilikuwa mbili, Uvira na Bukavu, na kwenye kuta za zote mbili patron wetu, mwenye kampuni, Papa Déogratias, aliandikisha maneno mekundu makubwa: MTAJI HAULIWI. Hata fulana zetu za kazi ziliandikwa hivyo mgongoni.

Papa Déogratias mwenyewe hakuwa na ofisi. Alikuwa anaishi ndani ya gari, leo huku, kesho kule, mpaka akachoka. Akasema sasa anataka makao makuu ya kweli, yenye kibao na kiti cha kuzunguka, na atayapeleka kwenye mji unaojua kungoja. Akanunua mbuzi. Uvira akaleta dume na jike, Bukavu akapeleka dume na jike, na waliobaki akawashusha Kamanyola, katikati ya njia, kwa mama mkwe wake, Mama Louise, kwa sababu gari lilikuwa limeanza kunuka.

"Mwaka ukiisha nitapita kuangalia," akatuambia. "Mwenye zizi zuri atapata makao makuu. Mwingine atafunga ofisi yake aende kufanya kazi chini ya mwenzake."

Umesikia? Chini ya mwenzake! Na mwenzangu wa Bukavu alikuwa Achille. Huyo mtu ana kitambaa cha sufu shingoni, na akishuka Uvira anaanza kujipepea kabla hajatoa mguu wa pili garini, utasema sisi ndio tuliowasha jua. Minye niende kwenye ile baridi kumtilia Achille chai? Bora nikauze chumvi kwenye soko la Mulongwe, maji ya mto yakinifika magotini.

Basi tukafuga. Jolie, mwenzangu pale ofisini, aliwapa mbuzi majina: jike akaitwa Subira, dume akaitwa Faida. Waliishi nyuma ya ofisi, wakila maganda ya ndizi na kila kitu tulichosahau kuanua kwenye kamba. Mteja akiuliza maana ya kuweka pesa kwa muda mrefu, tulimtoa nje tukamwonyesha Subira, naye alielewa mara moja. Shida ilikuwa moja tu. Miezi ilipita na Subira hakushika mimba. Faida alikuwa mvivu, kazi yake kulala kivulini.

Mwaka ukiwa karibu kuisha, patron akatuita Bukavu kwa mkutano. Yeye mwenyewe alichelewa njiani, kwa hiyo Achille ndiye aliyetupokea mchana. Lo! Ile meza! Brosheti za mbuzi zikiwa bado kwenye vijiti, supu ya mbuzi, maini na vitunguu. Tulikula mpaka Jolie akafungua kifungo cha sketi.

"Mbuzi wa Bukavu anakulaka majani ya baridi," Achille akasema, akijifuta midomo. "Nyama yake iko na adabu. Sasa sisi tukishuka Uvira, mutatupatia nini? Joto?"

"Tuna ziwa," nikamwambia.

"Na sisi tuna ziwa."

"Lenu halina hata kiboko mmoja!"

"Na kiboko anawapatiaka faida gani?"

Nikachukua brosheti nyingine nikatafuna. Mimi, kuzibwa mdomo na nyama ya Achille! Tulishuka milima ya Ngomo nimenuna, tukapita Kamanyola bila kusimama, kwa maana nani anasimama Kamanyola, na nikafika Uvira bado nimenuna.

Haikupita wiki, patron akapiga simu. Jumamosi angekuja kukagua zizi letu kwanza, kisha la Bukavu, na Achille angekuwa naye. Jolie akapiga makofi. "Tutawapa mukeke wa kuchoma! Mukubwa, wa kuanguka nje ya sahani!" Lakini sokoni hakukuwa na samaki huyo hata mmoja. Mwezi ulikuwa mpevu, taa za wavuvi hazina kazi usiku ukiwa mweupe vile, na mitumbwi yote ilikuwa imelala ufukweni. Zilibaki ndagala kavu, zile ndogondogo, za juma lililopita. Nimpe Achille ndagala kavu, aende kuhadithia Bukavu nzima? Sikubali.

Tukasimama kwenye dirisha la nyuma. Chini yetu Faida alikuwa anatafuna soksi.

"Ule dume," Jolie akasema polepole, "tangu afike hajafanya kazi yoyote."

"Jolie!"

"Minye nasema tu. Mtaji ni Subira. Faida iko matumizi. Si tunawaambiaka wateja wapunguze matumizi?"

Kwa kweli ndivyo tunavyowaambia. Ijumaa asubuhi Faida akaondoka duniani. Lakini masikini, pamoja na uvivu wake wote alikuwa mifupa mitupu, anatosha supu tu. Kichwani nikamwona Achille akirudi Bukavu na kusema Uvira kuna supu. Jolie alikuwa ananitazama.

"Sasa Subira peke yake atazaa na nani?" akauliza. "Mtaji usiozaa si mtaji. Iko mapambo."

Usinicheke. Siku ile, saa ile, maneno yale yalikuwa na akili kabisa. Nilimshika Subira masikio, nikamwambia aksanti kwa kazi yake, nikaingia ndani ili nisione. Nililia kidogo. Kisha nikatoka kwenda kununua ndizi na pilipili.

Kwa ajili ya ukaguzi tulimwomba jirani yetu Gédéon, fundi wa pikipiki, atuazime mbuzi wake wawili mpaka jioni. Akatuletea mwenyewe, akawafunga nyuma ya ofisi, hakuuliza kitu. Gédéon ni mtu mzuri, ila ana mdomo.

Jumamosi patron akafika, Achille nyuma yake akijipepea. Tukawakalisha chini ya yale maandishi mekundu na kuwaletea sinia. Brosheti, supu, maini, ndizi za kuchoma, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka inang'aa. Patron alikula kwa mikono miwili. Achille akaacha kujipepea. Akavua kile kitambaa cha shingo, akakiweka juu ya magoti, akaongeza supu mara ya pili. Nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mbuzi wa Uvira anakulaka majani ya joto," nikamwambia. "Nyama yake inakukumbatia."

Mdomo wa Achille ulikuwa umejaa.

Patron akanawa mikono, akasimama. "Aksanti sana. Haya, Subira na Faida wako wapi?"

Tukampeleka nyuma. Akawatazama mbuzi wa Gédéon mbele, akawatazama nyuma, akainama, akawatazama chini.

"Wote wawili ni madume," akasema.

"Ndiyo, patron," Jolie akajibu. "Wako mapumzikoni."

Hapo kichwa cha Gédéon kikatokea juu ya ukuta. "Mama Sidonie! Mumemaliza na mbuzi zangu? Mke wangu anaziuliza!"

Ee Mungu wangu. Patron akanigeukia. Alikuwa na kijiti cha kuchokonoa meno mkononi, akakitazama kile kijiti kwa muda mrefu.

"Sidonie. Nimekula nini?"

"Supu ilikuwa Faida, patron. Brosheti ni Subira."

Achille alicheka mpaka akashika ukuta. "Wamekula mtaji! Na mgongoni wameandika hauliwi! Makao makuu ni Bukavu, patron, yaishe!" Na mimi nikaona yote yameisha kweli: kibao cha ofisi yetu kimeng'olewa, mimi na Jolie kwenye baridi, Achille ananiambia chai haina sukari. Moyo uliniuma. Uvira yangu, mji wenye viboko, umepotezwa na mimi mwenyewe. Lakini uchungu kwangu haukai, unageuka hasira, na hasira ndiyo iliyonikumbusha.

"Weye Achille! Ile siku tulikula nini kwako?"

Kicheko kikakatika.

"Ile? Ile ilikuwa mapokezi."

"Mapokezi ya mbuzi gani?"

Achille akakirudisha kitambaa shingoni, katika joto lile. "Mlitukuta bila kitu, mwisho wa mwezi," akasema. "Ningewapa sambaza, visamaki vya ziwa letu, mukaseme nini huku Uvira?"

"Walikuwa wanaitwaje?" patron akauliza kwa sauti ndogo.

"Hatukuwapa majina, patron. Tuliona baadaye ingekuwa vigumu."

Papa Déogratias akasema twende tukaone wale waliobaki. Alitufungulia mlango wa gari, mimi, Jolie na Achille tukabanana kiti cha nyuma, na hakuna aliyepumua vizuri mpaka Kamanyola.

Mama Louise alitupokea mlangoni, mama mfupi mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu. Nyuma ya nyumba yake, ambako patron hakuwahi kufika, kulikuwa na zizi, na ndani ya zizi mbuzi walipandana migongoni. Majike wenye mimba, watoto wa mwaka huu, mmoja mdogo amesimama juu ya ndoo anatudharau. Patron alishika mti wa zizi kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa anataka kulia.

"Mama, umefanyaje?"

"Sikufanya kitu," Mama Louise akasema. "Hapa wageni hawasimamaki. Wanapita tu."

"Lakini mimi nasimamaka! Na kila siku unanipa maharagi!"

"Weye uko mukwe wangu, baba. Sikutaka uondoke na njaa."

Makao makuu yakawekwa Kamanyola. Uvira ikafungwa, Bukavu ikafungwa, kibao kikapigiliwa misumari kwenye nyumba iliyo mkabala na zizi. Mimi na Achille tunakaa meza moja, yeye upande unaotazama Bukavu, mimi upande wa Uvira, na Jolie katikati ili tusigombane. Kiti cha kuzunguka anakalia Mama Louise, akichambua maharagi.

Mwezi uliopita tukapata mgeni mkubwa, mfanyabiashara kutoka Bujumbura, wa kwanza kuvuka mpaka kwa ajili yetu. Akiweka pesa zake kwetu, ofisi za Uvira na Bukavu zitafunguliwa tena, patron alishaahidi. Nilikuwa nimeota jambo hilo. Mgeni akakaa, akatazama zizi kupitia dirishani, akatabasamu.

"Si mbaya," akasema. "Ila kule kwetu Bujumbura, mbuzi ndio mbuzi."

Nilisikia damu inapanda kichwani. Nikamtazama Achille, Achille akanitazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikuwa na wazo moja. Tukatoka nje pamoja bila kuambiana, yeye na kisu, mimi na kamba.

Mama Louise alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, sufuria kichwani, ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge.

"Mgeni atakula maharagi," akasema.

"Mama, mmoja tu!" Achille akamsihi. "Yule wa kwenye ndoo!"

"Maharagi, Mama Louise? Kwa mtu wa Bujumbura?" nikapaza sauti, na kusema kweli machozi yalikuwa karibu. "Akirudi kwao atasema sisi Kamanyola tuna nini?"

Mama Louise akateremsha sufuria, akanipa niibebe.

"Atasema muna mbuzi," akasema. "Peleka, yasipoe."