Mkono wa Fundi Simu

Fundi simu alikuwa ameinamia simu ya mteja, skrubu ndogo kama punje ya ufuta imenaswa kwenye kibano, mkono wake wa kulia ulipoinuka wenyewe. Ulipita juu ya meza, ukatokeza dirishani, ukarefuka mpaka katikati ya barabara, kiganja wazi. Lori la mchanga likafunga breki. Watoto wa shule ya msingi wakavuka, wa mwisho akiburuta sweta lake vumbini. Mkono ukarudi. Fundi akapiga magoti kuitafuta skrubu.

"Kumbe una mkono mrefu hivyo, shoga," alisema msusi wa kibanda cha jirani, bila kuacha kusuka.

"Hata mimi ndiyo kwanza nauona."

Barabara hiyo haikuwa na tuta wala alama. Muhula uliopita binti wa muuza maji aligongwa hapo hapo, akafa akiwa bado na begi mgongoni. Fundi aliliona lile gari likija. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya simu ya mtu.

Nyumbani shangazi yake, aliyemlea na ambaye hushona nguo sebuleni, aliukanda mkono ule kwa mafuta ya moto.

"Umeulalia vibaya. Unauma?"

"Hauumi, shangazi. Unachosha nikiuzuia tu."

"Basi usiuzuie."

Hakuuzuia. Kengele ya shule ikilia, mkono ulitoka, na haukurudi mpaka mtoto wa mwisho awe ng'ambo. Wateja walinung'unika kwamba simu zao zinachelewa. Msusi akawa anakuja kumshikia vifaa, huku akimtania kwamba kwa mkono huo wa trafiki mume ataishia kumsikia redioni tu. Haukupita muda, mkono wa msusi nao ukarefuka, mteja wake akabaki amesukwa nusu kichwa. Msusi alikuwa na mdogo wake darasa la pili. Kisha ukaja wa kijana muosha magari, ambaye hakuwa na mdogo wala mtoto pale shuleni. Alikuwa na nafasi tu, na alipenda kucheka na hao wawili.

Mwishowe walifunga kazi, wakaenda wote watatu halmashauri kuomba tuta. Afisa wa barabara aliwasikiliza huku akikoroga chai.

"Nani anawafadhili?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Chama gani?"

"Hakuna."

"Sasa nyinyi vijana mnapata nini?"

Msusi akamtazama fundi.

"Mkono ukishainuka," alisema muosha magari, "unaona haya kuushusha."

Afisa alicheka kwa wema, akaja mwenyewe kujionea. Alisimama kando ya gari lake, tai imetulia kifuani, akaangalia mikono mitatu ikitoka vibandani na watoto wakipita chini yake wakipiga soga. Akapiga makofi.

"Kazi nzuri sana, wanangu. Tuta la hapa lilikuwa tayari kwenye mpango. Sasa tutalipeleka penye uhitaji."

"Wapi huko?" aliuliza fundi.

"Getini kwa mkurugenzi. Pale hakuna mtu wa kuinua mkono."

"Mtoto alikufa hapa, mheshimiwa."

"Najua, binti. Poleni sana," alisema afisa, na alimaanisha. Akawapa mkono mmoja mmoja, akaingia garini, akaondoka.

Jioni fundi alimsimulia shangazi yake yote. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, cherehani imesimama, kisha akaomba aletewe blauzi zote za fundi. Kila moja ilikuwa imepasuka kwapa la kulia. Alizigeuza moja moja, akachagua kitambaa kigumu, akaanza kuziongezea viraka.

"Hapa nimeshona mara mbili," alisema, akikata uzi kwa meno. "Na wale wenzio waambie walete zao."