Injini Isiyovuja

...nikimpiga hapa, juu ya sikio, hapo nywele zilipoanza kumwisha, mara moja tu, spana namba ishirini na nne haihitaji mara ya pili, ataanguka chali juu ya maboksi yake ya vipuri na sigara mdomoni, na atakuwa bado anatabasamu, maana hajui kufanya jingine huyu mtu, Laoban Liang, bosi Liang, muuza pikipiki wangu mwaka wa tatu huu, tangu niingie karakana yake asubuhi hii hapa kwa Wachina, nyuma ya mtaa wa Sanyuanli nimemtukania mama yake, nimemtukania baba yake, nimemkunja shati mpaka vifungo viwili vikaruka, na yeye ni meiyou wenti, pengyou, meiyou wenti, hakuna tatizo, rafiki, hakuna tatizo... Hakuna tatizo! Mdogo wangu Marijani wamemkata mguu juu ya goti, hakuna tatizo! "Ndugu Haidar, weka ile spana chini kwanza, unaniogopesha," anasema Henriette, mkalimani wangu, Mkongo wa Lubumbashi, Kichina anakimwaga kama maji, nimemleta anitafsirie matusi na najua anayatafsiri nusu, nikisema mbwa yeye anasema bwana, naona kwenye sura ya Liang, mtu aliyeitwa mbwa hasukumi kiti mbele yako na kukumiminia chai, na chai yenyewe nimeipiga teke, iko pale sakafuni na vigae vya kikombe, na damu hii kwenye kifundo cha kidole sijui ni yangu au yake, haiumi, hakuna kinachoniuma leo. "Mwambie," namwambia Henriette, "mwambie aliniuzia injini mbovu, pikipiki kumi na mbili za safari ndefu, zenye maboksi ya mizigo ubavuni, nilimlipa injini nzima akanipa takataka, mwambie zote zinavuja oili, zote, mwambie neno kwa neno." Henriette anasema, anasema kwa upole, mbona ni maneno mengi kuliko niliyompa, halafu ananigeukia, "Anasema pole kwa mdogo wako. Anasema tu injini yake iko bien, iko muzuri." Pole! Pole yake naitaka ya nini, naipeleka wapi, nimpelekee mama?

Mama alinipigia Jumamosi, hakulia, afadhali angelia, "Haidar, wamemfanya nini mwanangu hao Wachina wako?" na mimi nikamwapia, wallahi mama, nikamwambia nitamfuata huyo aliyeniuzia mpaka mezani pake anapolia wali, atanijua, na mama akasema, "Mfuate," mama yangu huyo, ambaye tulipokuwa wadogo nilipomvunja yule mtoto wa jirani meno mawili kwa sababu alimsukuma Marijani mtaroni alinichapa mpaka mwiko ukakatika, Jumamosi alisema mfuate. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe, Marijani mbele akiongoza, wageni watano, watalii wetu, nyuma yake, wanateremka kuelekea Segera, kona, na tairi la nyuma likamtoka tu, Tahir fundi wetu ndiye aliyenisimulia, alikuwa wa mwisho kwenye msafara, "Bosi, tairi lilikuwa linang'aa, limelowa oili, ile sili ya upande wa mnyororo, ile ya kuzuia oili, imesukumwa nje nzima kama kizibo cha soda," akalala chini Marijani akaburuzika, na lori la saruji linapanda, dereva akakanyaga breki, Tahir anasema alisikia breki kwanza halafu akasikia kitu kingine, nikamwambia nyamaza, usinieleze hicho kitu kingine, na tangu Ijumaa ndicho ninachokisikia, kwenye lifti, kwenye treni ya chini, nikitafuna... na nyundo ya fundi mzee wa Liang ikigonga chuma pale nyuma nasikia hicho hicho. Mara tatu! Mara tatu Marijani alinipigia, "Kaka, zinavuja," nikampa mtu anayesafiri sili mpya begini, Tahir akafunga, wiki mbili, "Kaka, zinavuja tena," nikanunua sili duka jingine, wiki tatu, "Kaka, tukiziba huku zinatokea kule, hizi injini zina kitu ndani kinasukuma," na mimi nikamcheka, nikamwambia siku hizi umekuwa mganga, Marijani, funga sili uache ramli... nilimcheka. Na hata sasa hajanilaumu, kitandani, ulimi mzito wa dawa, aliniuliza tu kama wageni wamerudishiwa siku zao.

"Anasema angalia," Henriette ananivuta mkono, angalia nini, fundi mzee anasukuma pikipiki kutoka nyuma, hiyo hiyo, muundo huo huo, rangi ile ile ya maziwa, maboksi ubavuni, Henriette anasema ni ya mpwa wake Liang, imetoka pamoja na zangu, siku moja, hata namba ya fremu inafuatana na zangu, anakwenda nayo Foshan na kurudi kila siku na mwakani ataiuza chuma chakavu maana pikipiki zinapigwa marufuku mji mzima, kilomita elfu kumi na nane, sili ni zile zile ilizozaliwa nazo, na mzee anatandika gazeti chini ya injini, anapiga stata, inaunguruma, tunasubiri, gazeti jeupe, tunasubiri, anaongeza moto mpaka madirisha yanatetemeka, jeupe, hakuna hata tone, na Liang ananyoosha mkono kuelekea gazeti na tabasamu lake, na hapo ndipo damu inaponipanda kweli kweli, kumbe! Kumbe nzuri mlijiwekea wenyewe! Mwafrika ndiye wa kupewa zinazovuja, si ndiyo? Zile nne za kwanza nilizochukua mwaka juzi hazikuvuja hata siku moja, mlinionjesha asali, nne nzuri, nikaamini, mkanibambikia kumi na mbili mbovu, na ninainua spana, nimeshaiinua, Henriette anapiga kelele, "Yesu wangu, ndugu Haidar, wacha!" na Liang mara hii tabasamu limemtoka, ahaa, limemtoka, ana uso mwingine chini yake, uso wa mtu mzima mwenye hofu, na ninaupenda uso huo, nataka kuupasua... na huyu mzee naye anataka nini? Amenishika. Amenidaka kifundo cha mkono, si ule wenye spana, huu mwingine mtupu, ana vidole vya chuma mzee huyu, ananivuta chini mpaka nachuchumaa naye, ananibandika kiganja kwenye mdomo wa mpira mweusi unaotoka kichwani mwa injini, na nasikia pumzi. Inapuliza kiganjani, ya moto, fu, fu, fu, ina harufu ya oili, na mzee ananitazama machoni anasema neno, halafu anauziba ule mpira kwa dole gumba lake, ananionyesha kwa kidevu sili ya upande wa mnyororo, anajaza mashavu hewa mpaka macho yanamtoka, anaachia, pwa! Mate yananirukia. "Anasema injini inahema," Henriette anasema, "ile mpira ndiyo pua yake. Ukifunga pua, ile hewa itatafuta njia, itasukuma sili, oili itatoka. Utabadilisha sili mia, itasukuma yote mia. Anauliza, kule kwenu hakuna mwenye alifunga hii mpira?"

Hakuna, nasema, nani afunge mpira, sisi wendawazimu, hakuna mtu aliye... hakuna... Satini. Satini nyeupe, ee Mola wangu, satini nyeupe ya Sihaba. Kontena la kwanza, pikipiki nne tu na juu yake robota za vitambaa vya mke wangu kutoka soko la Zhongda, magauni ya harusi, tulichanganya mzigo maana ndivyo tunavyofanya wote, nani anajaza kontena peke yake, na watu wa meli walitaka injini zikaushwe oili, tukazikausha, ila oili haikauki yote, ilidondoka humo baharini siku thelathini kupitia hiyo mipira, robota tatu zikaharibika, Sihaba alizitandaza sebuleni nikaona madoa, akaniambia, "Haidar, ukirudia tena, wallahi kila mtu na kontena lake, na labda kila mtu na nyumba yake." Basi kontena la pili, mwezi wa saba, jua la kuchoma ubongo, mimi peke yangu ghalani, vibarua wamekwenda kula, nikachana kipande cha satini ile ile iliyoharibika nikapata tepe kumi na mbili, nikaviringa moja moja, nikashindilia kwa bisibisi ndani ya kila mpira, ndani kabisa, moja, nyingine, nyingine, nikatoka jasho mpaka suruali, na nikajisifu, nakumbuka, nilijisifu kwa sauti, Haidar akili unazo wewe, nikasema jioni nampigia Tahir nimwambie avichomoe hivyo vitambaa, jioni nikala, nikalala. Sikumpigia. Mipira haikudondosha hata tone, Sihaba alinisifu, "Safari hii umefanya la maana, mume wangu," na mimi nilikula sifa hizo na biriani. Marijani alisema kuna kitu ndani kinasukuma. Alikisikia, kwa miguu yake miwili juu ya mashine, alikisikia, akaniambia, nikamwita mganga. Na nani nimpige sasa? Mkono bado uko juu, umeganda huko juu na spana, unataka, unadai haki yake, umeahidiwa tangu Jumamosi, nimpige Liang hata hivyo, kwa nini alitabasamu, nimpige mzee, ninyamazishe hilo dole gumba, niliponde juu ya hicho chuma, hakuna ajuaye ila mimi na bisibisi, au niweke wangu hapo, kiganja hiki cha kushoto kilichoshika tepe, nikiweke juu ya injini na wa kulia ukimalize, kwanza dole gumba, halafu...

Saa ngapi sasa. Saa sita, adhuhuri. Kwetu saa moja asubuhi. Saa moja! Wanaondoka saa moja, leo, kwenda Lushoto, pikipiki kumi, kwa amri yangu, mimi ndiye niliyesema waende, Tahir alisitasita nikamfokea, nikamwambia umeshafunga sili za Japani, mara ya nne hii, hakuna cha kuogopa, biashara ya Marijani isife yeye akiwa kitandani, na yule dada mgeni, Hannah, aliyemtolea Marijani damu pale hospitali, naye anaendesha leo, alisema hataki kurudi kwao akiwa mwoga, na barabara ni ile ile, kona ni ile ile, malori ni yale yale... simu, simu iko wapi, mfuko huu, nabonyeza kwa vidole vya damu, inaita, chukua, Tahir, mjinga wee chukua, inaita, Liang amesogea nyuma ya meza, Henriette anamnong'oneza kitu, mzee bado amechuchumaa, injini bado inahema miguuni pangu. "Bosi! Shikamoo bosi!" Kelele, mngurumo, kumi zote zinaunguruma nyuma yake, "umetubahatisha mlangoni, tumeshawasha, safari hii kavu kabisa bosi, hazina hata jasho!" Zima, nasema. "Eti?" Zima zote, Tahir, msitoke, shusha watu. Toa tangi, fuata mpira wa kupumulia, ndani kuna kitambaa, zote, kimeziba, ndicho kinachosukuma sili, ndicho kilicho... na nasikia anavuta pumzi, ni fundi, hahitaji kuelezwa mara mbili, "La ilaha illallah," anasema, "kitambaa? Hawa watu wana roho gani! Wachina, eh? Wametuzibia makusudi?" Na ni rahisi hivyo. Ndiyo, nitasema ndiyo, Liang yuko hatua tatu kutoka hapa na hajui neno la Kiswahili, hatajua kamwe, mama hatajua, Sihaba atavilaani viwanda, na Marijani akijifunza kutembea upya atakuwa na mtu wa kumchukia, yuko mbali, hajawahi kumwona, na kila Idi atakaa karibu yangu kwenye sinia moja kama tulivyozoea. Mimi, nasema. Nimesema kwa sauti ndogo sana, mngurumo umeimeza. "Sijasikia bosi, subiri, oya zimeni! Zimeni zote! Dada Hannah, off, off!" na zinazima, nazisikia, moja, nyingine, mbili kwa pamoja, kila inayozima inaacha nafasi kubwa zaidi kwenye simu, mtu anauliza kuna nini, kunguru analia huko uani kwetu, inabaki moja inakohoa, nayo inazima, kimya, na wote nadhani wamemsogelea, maana nasikia wanavyohema, na Tahir anasema taratibu, kwa adabu, "Haya bosi, sasa nakusikia. Umesema nani?"